Kuota Moto Juu ya Pikipiki: Somo la Baridi na Umeme

Katika shule yetu hakuna asiyejua maana ya baridi. Sisi tukaao nyanda za juu za Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, twaijua baridi ya Juni, Julai na Agosti kama mtu amjuavyo jirani yake. Kila tukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi au zaidi kidogo, kwa hiyo wenzetu wa Dar es Salaam wanapojipepea, sisi twavaa makoti. Huko Kitulo umande huganda juu ya majani ukawa barafu. Lakini yupo mtu ambaye baridi hii humpata kuliko sisi sote, naye ni mwendesha pikipiki aondokaye nyumbani alfajiri.

Wengi wetu tunamtegemea mtu huyo. Ndiye awaletaye baadhi ya wanafunzi shuleni, ndiye apelekaye mgonjwa zahanati usiku, na katika nyumba nyingi ndiye baba au kaka ambaye fedha za sare na madaftari hutoka mfukoni mwake. Tena sisi si peke yetu: mambo ni yayo hayo Limuru kule Kenya, na Kabale kule Uganda.

Muhula huu mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu alinijia baada ya kipindi, akaniambia, "Shikamoo Mwalimu. Kaka yangu ameniagiza nikuulize. Ameona jaketi ya umeme inayopasha mwili joto, nayo huunganishwa na betri ya pikipiki. Ameweka akiba miezi mitatu ili ainunue. Je, itamfaa?" Nilimwitikia, kisha nikamwambia kwamba sitasema ndiyo wala siyo mpaka aniletee namba tatu: pikipiki inazalisha wati ngapi, yenyewe inatumia wati ngapi, na jaketi inakula wati ngapi. Kwa kuwa swali hilo lawahusu wengi, nimeona yafaa nilieleze hapa kwa wanafunzi na wazazi pia. Hesabu zake hazizidi zile za Kidato cha Tatu.

UPEPO NDIO MWIZI

Kwanza tujue baridi ya pikipiki inatoka wapi. Mwili wa mtu una joto la nyuzi 37 hivi. Hewa iliyogusana na ngozi hupata joto kutoka mwilini, ikawa kama shuka nyembamba iliyotuzunguka. Mtu akikaa mahali patulivu, shuka hiyo hubaki. Upepo ukivuma huinyakua, na mwili hulazimika kufuma nyingine, nayo ikanyakuliwa papo hapo. Mwendesha pikipiki hangoji upepo uvume, maana yeye mwenyewe huutengeneza kwa mwendo wake.

Mwaka 2001 wataalamu wa hali ya hewa wa Kanada na Marekani walitoa kanuni mpya ya kukadiria ukali wa baridi pamoja na upepo kwa uso ulio wazi. Nimeitumia kanuni hiyo kwa asubuhi yenye nyuzi 5 za Selsiasi, nikapata hivi:

Mwendo wa kilometa 20 kwa saa: uso huhisi kama nyuzi 1.
Mwendo wa kilometa 40 kwa saa: kama nyuzi 1 chini ya sifuri.
Mwendo wa kilometa 60 kwa saa: kama nyuzi 2 chini ya sifuri.
Mwendo wa kilometa 80 kwa saa: kama nyuzi 3 chini ya sifuri.

Hapa wanafunzi wengi hukosea. Hudhani kwamba upepo umeipoza hewa yenyewe. Sivyo. Hewa ni ile ile ya nyuzi 5, na chupa ya maji iliyofungwa nyuma ya pikipiki haitaganda hata ukienda mbio namna gani. Kilichoongezeka ni kasi ya kupotea kwa joto la mwili. Tena tazameni vizuri hizo namba: hatua kubwa ya kwanza ni kutoka hewa tulivu mpaka mwendo wa kilometa 20. Kwa hiyo mwendesha pikipiki anayesema, "Mimi naenda polepole, sihitaji koti," amejidanganya.

MWILI HUOKOA MOYO KABLA YA VIDOLE

Mtu mzima aliyetulia hutoa joto la wati 100 hivi, sawa na balbu moja kubwa ya zamani. Hilo ndilo pato lake. Joto likipotea kwa kasi kuliko linavyotolewa, mwili hufanya kama mzazi mwenye unga kidogo: huwapa kwanza wale walio katika hatari kubwa. Moyo, mapafu na ini hupewa damu ya moto, na mishipa midogo ya mikono na miguu hujibana. Hapo ndipo vidole hufa ganzi.

Jambo hili lina maana kubwa barabarani. Ngozi ya mkono ikipoa chini ya nyuzi 15 hivi, vidole hupoteza wepesi wake. Na ni vidole hivyo hivyo vinavyokamata breki ya mbele na klachi. Mtu aendaye kilometa 60 kwa saa husafiri mita 16 na zaidi kwa sekunde moja. Akichelewa nusu sekunde tu kukamata breki, amekwisha kwenda mita 8 zaidi. Mita 8 ni zaidi ya upana wa barabara nyingi za kijijini, na zatosha kumfikia mtoto anayevuka au ng'ombe aliyesimama ndani ya ukungu. Basi joto la mikono si anasa. Ni sehemu ya breki.

Jambo la pili tunalojifunza hapa ni hili: mikono ikiwa baridi, dawa haiko mikononi peke yake. Kifua kikipata joto la kutosha, mwili hufungua tena mishipa na kupeleka damu ya moto vidoleni. Kwa sababu hiyo watu wa nchi za baridi wenye uzoefu wa safari za pikipiki hutafuta kwanza kizibao cha kupasha kifua na mgongo, kisha ndipo hutafuta glavu.

ZIBA KWANZA, WASHA BAADAYE

Hakuna mtu awashaye moto ndani ya nyumba isiyo na ukuta akategemea kupata joto. Nguo ya umeme ndani ya koti linalopitisha upepo ni moto wa namna hiyo. Kabla ya kununua hata waya mmoja, zibeni upepo.

Madereva wetu wa bodaboda wamekwisha gundua mengi bila kwenda shule ya fizikia. Kuvaa koti kinyumenyume, vifungo vikiwa mgongoni, ni akili njema, maana huondoa mwanya wa mbele upepo unapoingilia. Gazeti lililokunjwa na kuwekwa kifuani chini ya koti huzuia upepo, tena kurasa zake hushika hewa tulivu katikati. Koti la mvua la plastiki juu ya sweta hufanya kazi kuliko masweta mawili bila koti hilo, maana sweta hushika hewa na plastiki huilinda isinyakuliwe. Mifuko mikubwa ya turubai au ngozi inayofungwa kwenye mishikio ya usukani, mikono ikaingia ndani yake, huzuia upepo wote wa vidoleni. Fundi cherehani yeyote aweza kuishona, mradi iwe mipana kiasi cha mkono kutoka upesi na isizuie breki wala klachi. Shingo nayo isisahauliwe: kitambaa cha sufi kilichojaza mwanya kati ya koti na kofia ngumu huzuia joto lisitoroke kifuani.

Haya yote hayali umeme hata kidogo. Mtu akiyafanya yote na bado akatetemeka, hapo ndipo aanze kuuliza habari za umeme.

NGUO YA UMEME NI NINI?

Katika miaka ya 1840 Mwingereza aitwaye James Joule alionyesha kwamba mkondo wa umeme ukipita katika waya huupasha joto, na kwamba joto hilo huongezeka kwa mraba wa mkondo. Pasi, jiko la umeme na nguo ya umeme zote ni watoto wa kanuni hiyo. Ndani ya kitambaa hupitishwa nyuzi nyembamba za chuma au za kaboni, mkondo ukapita, joto likatoka.

Waliozitumia sana mwanzoni ni marubani. Katika Vita vya Pili vya Dunia, vya 1939 hadi 1945, ndege kubwa za Marekani kama B-17 ziliruka juu sana, mahali penye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, huku wapiga bunduki wakiwa wamesimama penye madirisha yaliyo wazi. Walivaa suti za kupashwa joto kwa umeme wa volti 24. Baadhi ya suti za mwanzo zilikuwa na nyuzi zilizounganishwa mfululizo, yaani mkondo mmoja upite kila mahali kwa zamu. Uzi mmoja ukikatika, suti nzima ilipoa. Baadaye zikaundwa zenye kuunganishwa sambamba, ili sehemu moja ikiharibika nyingine zibaki na joto. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu, mkiulizwa kazi ya maunganisho sambamba, kumbukeni askari wale.

Katika miaka ya 1970 Gordon Gerbing, wa jimbo la Washington nchini Marekani, alianza kutengeneza nguo za namna hiyo kwa waendesha pikipiki, zikitumia volti 12 za pikipiki yenyewe. Siku hizi hutengenezwa na viwanda vingi, nazo huuzwa kila mahali.

Sasa tufanye hesabu moja. Tuseme kizibao kimeandikwa volti 12, wati 48. Mkondo wake ni 48 ugawe kwa 12, yaani ampea 4. Ukinzani wake ni 12 ugawe kwa 4, yaani omu 3. Lakini injini ikikimbia, volti za pikipiki hazibaki 12. Hupanda hadi 14 hivi. Wati ni volti mara volti, ugawe kwa ukinzani: 14 mara 14 ni 196, gawa kwa 3, twapata wati 65. Volti zimeongezeka kwa sehemu moja katika sita tu, lakini joto limeongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Kwa hiyo mnunuzi aulize sikuzote, "Wati hizi zimepimwa kwa volti ngapi?"

DAFTARI LA WATI

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wati za pikipiki ni mali. Karibu na injini kuna koili ambazo sumaku huzizunguka, zikazaa umeme. Koili hizo zina kikomo, nacho huandikwa katika kitabu cha pikipiki au fundi mzuri aweza kukupatia. Pikipiki kubwa za safari kule Ulaya na Marekani huwa na altaneta za wati 400 na kuendelea, ndiyo maana watu wa huko huvaa jaketi, suruali na glavu za umeme kwa pamoja wala taa zisififie. Pikipiki zetu za injini ndogo hazina utajiri huo.

Mwanafunzi wangu aliniletea namba zake tatu. Koili za pikipiki ya kaka yake huzaa wati 90 injini ikikimbia vizuri. Matumizi yake tuliyaandika hivi:

Taa kubwa ya mbele: wati 35.
Taa ya nyuma: wati 5.
Taa za dashibodi: wati 5.
Cheche za plagi: wati 15.
Kuchaji betri: wati 10.
Jumla: wati 70.

Zilizobaki ni wati 20. Na hizo nazo si za bure, maana taa ya breki huhitaji wati 21 kila akishika breki, na taa mbili za kuonyesha kona huhitaji 20 zikiwaka. Jaketi aliyoitaka ilikuwa ya wati 80. Basi kila akiiwasha atapungukiwa wati 60, na upungufu huo utatoka katika betri. Betri yake ni ya volti 12 na ampea-saa 5, yaani wati-saa 60. Sitini gawa kwa sitini ni moja. Kwa hesabu ya karatasini, betri iliyojaa kabisa itakwisha kwa saa moja, na kwa kweli itashindwa kazi kabla ya hapo. Bandu bandu huisha gogo. Atafika Makambako akiwa na kifua cha moto, huku taa zikiwa hafifu, honi haisikiki, na swichi ya kuwashia haina nguvu. Katika ukungu wa saa kumi na mbili asubuhi, taa hafifu ni hatari kuliko baridi yenyewe.

Mambo mawili zaidi yaingizwe katika daftari. La kwanza, wati 90 hupatikana injini ikikimbia. Ukisimama kungoja abiria huku injini ikinguruma polepole, huenda zisipatikane hata nusu yake. Kwa hiyo nguo izimwe ukisimama. La pili, katika pikipiki nyingi za zamani taa kubwa hupata umeme wake moja kwa moja kutoka koili, na ni sehemu tu ya umeme inayogeuzwa ili ikubaliwe na betri. Katika pikipiki ya namna hiyo upande wa betri ni maskini zaidi ya hesabu niliyoandika. Muulize fundi kabla ya kununua.

Basi nilimjibu hivi: kaka yako asinunue jaketi hiyo kwa pikipiki hiyo. Akiba yake aigawe. Kwanza anunue koti zuri la kuzuia upepo na kushonesha mifuko ya mishikio. Kisha, kama fundi atakubali, abadilishe taa kubwa ya wati 35 kwa taa ya LED ya wati 15 yenye mwanga wa kutosha na iliyoelekezwa vizuri isiwapofushe wengine. Hapo atakuwa ameokoa wati 20, na zilizobaki zitakuwa 40. Glavu za umeme hula wati 25 hivi kwa jozi, basi zitaingia katika daftari na akiba kubaki. Kizibao cha wati 48 bado hakitaingia.

NGUO ZENYE BETRI ZAKE

Ipo njia nyingine, nayo ni nguo zenye betri zake ndogo za lithiamu. Hizi hazigusi umeme wa pikipiki hata kidogo, kwa hiyo zaweza kuvaliwa hata na abiria, au na mlinzi wa usiku. Lakini nazo zina daftari lake.

Chukua kizibao kinachotumia betri ya akiba ya simu. Betri iliyoandikwa milianpea-saa 10,000 ina volti 3.7 ndani yake, kwa hiyo ina wati-saa 37. Kiasi fulani hupotea katika kubadili volti, tuseme hubaki 31. Kizibao kikila wati 10, kitakaa na joto kwa saa tatu. Si vibaya kwa safari ya asubuhi, lakini wati 10 kifuani ni joto dogo, robo tu ya lile la kizibao cha pikipiki au chini ya hapo. Litasaidia endapo upepo umekwisha zibwa, na lisipozibiwa litapotea lote. Glavu za betri nazo, zenye betri ya volti 7.4 na ampea-saa 2.2 katika kila mkono, zina wati-saa 16 kwa mkono mmoja. Zikila wati 8, hukaa saa mbili.

Betri ya lithiamu iliyovimba isitumiwe tena. Iliyolowa isichajiwe. Na tangu siku ya kwanza pima mwenyewe inakaa saa ngapi, maana maandishi ya dukani mara nyingine husema zaidi ya yaliyomo.

KUCHAGUA NA KUFUNGA

Kwa wale ambao daftari limewaruhusu, nimeandika mambo yanayofaa kukumbukwa.

1. Nguo ibane mwili kidogo. Ivaliwe juu ya shati jepesi na chini ya koti la kuzuia upepo. Nguo pana huacha nafasi, na joto likaishia hewani.

2. Isivaliwe juu ya ngozi tupu. Kitu chenye nyuzi 44 tu, kikigusa ngozi kwa saa nyingi, chaweza kuunguza bila mtu kuhisi. Mwenye ugonjwa wa kisukari au ganzi ya miguu asivae soksi wala nyayo za umeme bila kumwuliza daktari.

3. Tafuta yenye kidhibiti cha joto. Kidhibiti kizuri hukata na kurudisha umeme mara nyingi, hivyo joto la nusu hula nusu ya umeme. Kile cha kizamani cha kuongeza ukinzani hugeuza sehemu ya umeme kuwa joto lisilokufaa, nje ya nguo.

4. Waya wa nguo utoke kwenye betri yenyewe, usiungwe katika waya wa taa. Karibu kabisa na ncha chanya ya betri iwekwe fyuzi. Kwa kizibao chetu cha omu 3, mkondo kwa volti 14 hufika ampea 4.7, basi fyuzi ya ampea 7.5 yafaa, na waya uwe wa milimeta mraba 1.5. Fyuzi ikikatika tafuta sababu, wala usiweke msumari au karatasi ya sigara mahali pake. Kazi ya fyuzi ni kufa ili pikipiki isiungue.

5. Swichi itegemee ufunguo wa pikipiki, ili ukizima injini nguo nayo izimike.

6. Kiungo cha waya kati ya mtu na pikipiki kiwe cha kuchomoka kwa kuvutwa. Mtu akianguka, asibaki amefungwa na pikipiki.

7. Baada ya kufunga, jaribu kwa mita ya volti. Washa injini kwa mwendo wa safari, washa taa na nguo, pima kwenye betri. Ikisoma 13.5 au zaidi, ni salama. Ikishuka chini ya 12.8, betri inaliwa. Zima nguo na rudi kwenye daftari.

8. Usikunje waya kwa nguvu, usichome pini, usipige pasi, na usifue kabla ya kusoma maandishi ya nguo.

Nina neno la onyo kwa wanafunzi wenye bidii ya ubunifu, ambao nawapenda sana. Msitengeneze nguo ya umeme kwa waya wa jiko au wa blanketi la umeme. Na asiwepo hata mmoja atakayejaribu nguo yoyote kwenye umeme wa nyumbani, maana huo ni volti 230, nao huua. Mwenye hamu ya kujaribu aje maabara. Tutachukua betri ya volti 12, uzi mrefu wa chuma, kipima joto na kipande cha sweta, tupime pamoja.

MASWALI YA KUJARIBU

Majibu yaletwe kwangu kabla ya kufunga shule. Mzazi atakayependa kujibu anakaribishwa pia.

(a) Pikipiki huzaa wati 120 na hutumia wati 75. Je, kizibao cha wati 40 kitaingia katika daftari? Kitaacha akiba ya wati ngapi, na taa za kuonyesha kona zikiwaka kwa wati 20 itakuwaje?

(b) Glavu mbili, kila moja yenye omu 12, zimeunganishwa sambamba kwa volti 12. Zinakula wati ngapi kwa jumla? Zikiunganishwa mfululizo zitakula ngapi? Glavu moja ikikatika waya, nini kitatokea katika kila namna?

(c) Betri ni ya volti 12 na ampea-saa 9. Upungufu ni wati 36. Itakwisha kwa saa ngapi?

(d) Tazama mwendesha pikipiki mmoja wa mtaani kwenu aliyevaa kwa ajili ya baridi. Andika upepo unamwingilia wapi, na utamshauri azibe kwa kitu gani kisichogharimu fedha nyingi. Ukimaliza kuandika, mwendee kwa heshima umwambie, maana safari yake ya kesho alfajiri haitangoja toleo lijalo la gazeti letu.

Mwalimu wa Fizikia